Ukuta wa Kisimani

Fundi,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo nikakaa kidogo, nikingoja ile marahaba yako ya puani. Nimekuwa hivyo tangu uondoke. Ni miezi saba sasa, na bado nikiingia uani kwako nakohoa kwanza ili usishtuke.

Najua ungenicheka. Herufi hizi hukuzipenda, wewe ulisoma zile za kutoka kulia, na barua zikija ulimpa Bi Mwantumu akusomee huku ukisingizia miwani. Basi leo nakuandikia hapahapa barazani kwako Mtoni, baada ya alasiri, kwenye karatasi nilizochana katikati ya daftari la mwanangu Zuhura. Nina jambo la kukuambia na sina ujasiri wa kulianza, kwa hiyo nitaanza na habari za nyumbani.

Bi Mwantumu ametoka eda. Amepungua, ila ulimi wake uko palepale. Kigoda chako hataki mtu akikalie, hata rafiki yako aliyekuja kuhani kutoka Bunju alipewa mkeka. Pale Kurasini tulipokuwa tunachoma chokaa pamezungushiwa ukuta, makontena yamepangwa ndani mpaka juu. Nilisimama kuangalia, mlinzi akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia nilikuwaga na kazi hapa. Akanijibu, "Mzee, kazi hapa hamna. Sogea, lori linageuza." Mie mzee, Fundi! Ungekuwepo ungetaniana naye mpaka jioni.

Saruji sasa inauzwa hata kwenye vibanda vya chumvi na viberiti, mifuko ya nchi nisizozijua. Mbagala yote wanajenga, nyumba inasimama kwa miezi miwili. Chokaa wananunua debe moja tu la kupaka ukuta ikikaribia Idi. Hata kaburi lako watu walitaka kulijengea kwa saruji na vipande vya marumaru, wakachangishana kabisa. Nikakataa. Nilikataa kwa sauti kubwa mpaka wakaniona nina wazimu. Nimelizungushia mawe ya matumbawe tu, makavu, nimeyapanga kwa mkono kama ulivyonifundisha.

Siku ya arobaini yako Bi Mwantumu alinikabidhi mfuko wako wa kazi. Mlikuwa na mwiko wako mkubwa, timazi, kamba, ile pima maji uliyokuwa huiamini, na simbi moja, kauri ndogo ya pwani, imefungwa kwenye kipande cha kanga. Simbi zako nilizijua. Kila ukuta ulioumaliza ulibandika moja kwenye kiungo cha mwisho, usawa wa goti, mahali asipoangalia mtu. Uliiokota mwenyewe ufukweni asubuhi ya siku ya kumaliza, moja kwa ukuta mmoja, huokoti mbili. Ulisema ukuta wenye simbi fundi wake ameridhika nao. Hii ya kwenye kanga nikadhani ni ya kazi uliyoikosa mahali fulani. Nikauweka mfuko juu ya kabati, basi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda magofuni. Yale yale yetu, kupita Bunju, unapoiacha Barabara ya Bagamoyo na kushika njia ya mchanga.

Sikwenda na mwiko, nilikwenda kama mgeni. Shule ya Zuhura iliandaa ziara ya siku moja kwa darasa la tano, na mwalimu akataka wazazi wawili wa kusindikiza. Zuhura aliniandikisha kabla hajaniuliza. Wiki nzima alikuwa amewatangazia wenzake kwamba baba yake ndiye aliyejenga kule, na njia nzima watoto walinigeukia kunitazama. Mie nilikuwa natazama dirishani.

Sasa nifike.

Unakumbuka ulivyonipokea. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimenipunguza, nina miaka thelathini na minne, mke, mtoto anayetambaa, na ujuzi wa mashine ambayo ilikuja kuuzwa chuma chakavu. Hakuna fundi aliyetaka mwanafunzi mwenye mvi. Wewe ukanitazama mikono ukasema, "Nyie watu wa Lindi mnajua korosho tu, chokaa mtaiwezea wapi?" Kesho yake nikawa nakubebea maji. Ukanifundisha kupanga mawe na magogo, kuchoma, kuzima kwa maji, kisha kuifukia chokaa chini ya mchanga mbichi na kuisubiri miezi mpaka ilainike kama samli. Kila nilipouliza kama imeiva ulinijibu jibu moja. "Chokaa haijachelewa, Selemani. Wewe ndio una haraka."

Ilipokuja kazi ya magofu, ukuta wa kibla wa ule msikiti wa kale ukaushika mwenyewe, na ule wa kisimani ukanipa mie peke yangu. Ndio ulikuwa mtihani wangu. Halafu kifua kikakubana, ukalazwa wiki mbili. Wenye kazi wakaja wakasema kuna wageni wakubwa wanakuja kutembea, kisima kiwe tayari. Nilifukua shimo, chokaa ilikuwa bado. Ningeweza kuwaambia wasubiri. Sikuwaambia. Nilienda Tegeta nikachukua saruji, nikajengea ukuta wote, kisha nikapaka chokaa juu ili ufanane na wako.

Ndilo jambo lenyewe, Fundi. Mpaka wiki hii sikuwa nimepata kumwambia mtu.

Uliporudi ulipitisha kiganja ukutani, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Asubuhi ile nilikuona umeokota simbi. Ukazunguka nyuma ya ukuta, ukachuchumaa, ukakaa muda mrefu mpaka nikaogopa kifua kimekurudia. Ulipotokea ulisema, "Haya," ukanipa mwiko mpya uliokuwa umenifichia, ukasema sasa nikajitegemee. Nililia. Ulidhani ni furaha, au mie nilidhani ulidhani hivyo.

Kwa hiyo Jumamosi sikwenda kutembea. Nilikwenda kuona kama ukuta wangu umesimama.

Getini nikakatiwa tiketi, mahali nilipolala miezi mitano kwenye kibanda cha makuti. Mwongozaji wetu alikuwa dada mmoja anaitwa Neema, ana kofia ya kitambaa na sauti ya kutangazia redio. Nilitaka nimchukie, nikashindwa. Kazi yake anaijua. Aliwakataza watoto wasipande makaburi, akawaonyesha mashimo ya mabakuli ya urembo yaliyong'olewa makaburini na wezi, akawafundisha kushika jiwe la tumbawe na kuliona lina matundu. Kisha akatupeleka kwenye ukuta wako.

"Haya wanangu, angalieni hapa. Huu ndo fahari yetu. Wazee wetu wameujenga mamia ya miaka iliyopita na haujaguswa na mtu mpaka leo. Mafundi kama hao hawazaliwi tena."

Nilicheka peke yangu, mwalimu akanitazama. Nusu ya ukuta ule tuliuokota majanini, jiwe moja moja, na wewe mgongo umepinda unalitafutia kila jiwe mwenzake. Nikajifanya nafunga kamba za viatu, nikapapasa usawa wa goti. Simbi ipo. Imekaa imara, baridi. Nikaigusa kwa kidole gumba na machozi yakanitoka palepale, watu wazima na watoto wanaona, nikasema ni vumbi. Sijui kama ungefurahi au ungekasirika kufanywa mhenga. Nadhani ungesema mwacheni dada wa watu afanye kazi yake.

Halafu tukaenda kisimani.

Umeanguka, Fundi. Umebaki kimo cha kiuno upande mmoja, upande mwingine ni kifusi. Saruji yenyewe ipo, ngumu, imesimama vipande vipande, na mawe kuizunguka yameliwa kama mkate ulioachiwa panya. Wameweka kamba watu wasisogee.

"Hapa msikaribie," Neema akasema. "Hawa ni mafundi wa juzijuzi, walitia saruji. Saruji haipumui, chumvi ikabaki ndani ikayala mawe. Masika iliyopita ukashuka wote."

Mwalimu akasema, "Wabongo bwana, kulipua kazi tu." Watu wakacheka. Na mie nilicheka, Fundi. Nilicheka nao.

Zuhura hakucheka. Alinivuta shati akauliza kwa sauti ya kusikika na wenzake, "Baba, we ulijenga wapi?"

Darasa lote likageuka. Ulikuwa wakati wangu, Mungu aliniwekea mezani. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe ukaonyesha ukuta wako wa kibla. "Pale, mwanangu. Nilikuwa na Fundi." Pale nilibeba maji tu, unajua. Zuhura akamgeukia Neema, ameshinda. "Dada, si wahenga! Ni baba yangu!" Neema akatabasamu lile tabasamu la kumridhisha mtoto, akaendelea na njia. Kwa hiyo nimekuibia ukuta mbele ya mwanangu, na aliyeibiwa wala hakuaminiwa kama yupo.

Watoto walipokaa kula viazi vyao nilirudi kisimani peke yangu. Nikavuka kamba. Nilitaka ile simbi yangu. Nilijiambia nikiipata nitaichukua, maana haistahili kukaa kwenye kifusi. Nikazunguka nyuma, pale ulipochuchumaa, na kile kipande bado kimesimama. Nikapapasa kila kiungo. Hamna simbi. Palikuwa na kijishimo tu, usawa wa goti, umekichokonoa kwa ncha ya mwiko. Kimepita chokaa ya juu, kimefika kwenye saruji, kikaishia hapo.

Nilikaa chini mchangani na suruali yangu ya kutokea.

Ulijua. Tangu siku ile ulijua, na mwiko ukanipa. Miaka mitatu tumekula sahani moja na ulijua. Ndio maana ukawa kila Ijumaa tukitoka msikitini unaniuliza, "Selemani, huna neno?" Mie nikidhani unauliza habari za mke wangu na mama yake. Na ule mwezi wako wa mwisho, umelala chumbani hapo nyuma yangu, uliniuliza mara tatu kwa siku moja. "Huna neno, mwanangu?" Nikakujibu, "Sina, Fundi, we pumzika." Ukageukia ukutani. Nilidhani ni usingizi.

Niliporudi nikaushusha mfuko kutoka juu ya kabati, nikaifungua ile kanga. Hukukosa kazi yoyote. Hii ni yangu. Uliniwekea.

Nimekukasirikia pia, nisikufiche. Kwa nini hukunipiga hata kibao? Ungenitukana mbele ya wenye kazi, ningelia, tungebomoa, na leo ukuta ungekuwa umesimama. Jana nilikuja kaburini kukuambia hivyo nikashindwa, nikang'oa majani nikarudi.

Jumapili nilimwambia Zuhura. Kumwambia mtoto kulikuwa kugumu kuliko kuandika haya. Alichezea ukingo wa kitenge cha mama yake, kisha akauliza, "Kwa hiyo ule mbovu ndo wako?" Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo haji kunipokea mfuko nikitoka kazini. Shuleni sijui amesema nini, na simuulizi.

Nimemwandikia Neema, nimejitaja jina langu, nikamwomba awafikishie wakubwa zake kwamba aliyetia saruji ni mimi, na fundi wa ukuta wa kibla ni wewe. Nimeomba wanikubalie nibomoe kwa mkono wangu, bila malipo. Hawajanijibu. Pengine hawatajibu. Lakini nyuma ya nyumba yako nimechimba shimo, na wiki hii nimeleta chokaa niliyochomewa na wazee wawili kule kaskazini waliokuwa wanakufahamu. Nimeizima, nimeifukia. Kila jioni Bi Mwantumu anamwagia maji mchanga wake, anausema kama alivyokuwa anakusema wewe. Sijamwambia ni ya nini. Akimaliza kumwagia leo nitamwambia.

Nakuahidi sitaifukua kabla haijaiva, hata waje na wageni wa namna gani. Wakinikataa getini nitarudi, na wakinikataa tena nitakata tiketi niingie na watoto wa shule, niwaambie mwenyewe pale kwenye kamba. Simbi nimeirudisha kwenye kanga. Ikishindikana kabisa nitazikwa nayo mfukoni, haitakaa kwenye ukuta mwingine.

Lala, Fundi. Mungu akupe kivuli na maji baridi, na kifua kisikubane tena. Karatasi hii nitaisoma kwa sauti kaburini kwako Ijumaa, nikitoka msikitini, saa zile ulizokuwa ukiniuliza.

Neno ninalo. Nilitia saruji.

Mwanafunzi wako,
Selemani