Maji Chini ya Mafuta ya Taa

Jumatatu, 6 Mei 1996

Sijamwambia mtu, hata padri nilipoungama juzi: anayeiba mafuta ya taa nyumbani kwetu ni mimi.

Haya. Nimeandika.

Naandika nyuma ya daftari la Fizikia la mwaka jana. Mama kakataza daftari jipya mpaka kurasa zote za zamani ziishe. Nikimaliza nalificha chini ya godoro, upande anaolala Minza, ninayesoma naye. Si kwa ubaya. Upande wangu ndio Mama anaoupekua kwanza, basi.

Tangu Baba apunguzwe kazini, Mama kawa mkaguzi. Mche wa sabuni anaukata kwa uzi, anavianika vipande juu ya kabati vikauke, visiishe upesi. Njiti ya kiberiti anaipasua katikati kwa wembe. Maharage yakichemka kidogo anaepua, anaifunga sufuria kwenye blanketi kuukuu, yajiivie yenyewe. Majani ya chai ya leo yanaanikwa, yanachemshwa tena kesho. Juu ya unga anabonyeza kiganja – vidole vitano! – ole wake atakayeharibu alama. Na mafuta ya taa yako kwenye chupa ya bia, ile ya kahawia. Kila jioni akishajaza koroboi, anashusha uzi mwekundu mpaka usawa wa mafuta. Saa mbili koroboi inazimwa. Kamili.

Na mtihani unaanza tarehe 27. Nisome saa ngapi?

Kwa hiyo naamka saa kumi alfajiri, naingia stoo na kichupa changu cha wino chenye utambi wa kitambaa. Nachota mafuta kidogo. Kisha naongeza maji mpaka kwenye uzi. Wiki ya tatu sasa. Mama anatazama uzi, anaridhika.

Anamtazama kila mtu lakini. Hata Baba.

Jumatano, 8 Mei

Leo njiani kwenda shule Minza kaniambia, "Stefania, osha pua."

Nikagusa. Masizi!

Akacheka, akaendelea kutembea. Hakusema kingine. Anajua? Tangu lini? Na kwa nini ananyamaza – anangoja nini kwangu?

Minza analala nami mwaka wa pili huu. Kwao ni bondeni, Wasukuma, wenye ng'ombe. Baba yake hutuletea gunia la mpunga kila muhula ili akae hapa asome. La muhula huu bado, na Mama hasahau kulitaja. Ni rafiki yangu. Nadhani. Sina mwingine wa kumlinganisha naye. Darasani Kiingereza, nyumbani Kiswahili, kwa Bibi Kifipa – kote mimi ni yule anayenyamaza.

Ijumaa, 10 Mei

Balaa.

Tulikuwa tunakula. Koroboi ikalia paa! paa! ikazima. Mama akawasha tena – nusu njiti nzima! Paa! Ikazima.

Akamimina kidogo kiganjani, akanusa. "Maji! Leonsi anatuuzia maji!" Leonsi ndiye mwenye duka hapa mtaani. "Zamani hela ipo, mafuta hakuna. Leo mafuta yamejaa kila duka, hela hakuna – na hayo kidogo, maji!"

Baba akasema kesho atakwenda mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya ofisini.

Tonge lilinikaa mdomoni gizani. Sikumeza, sikutema.

Jumamosi, 11 Mei

Baba kanibebesha chupa. Dukani kulikuwa na watu, na Baba alisema kwa nguvu wote wasikie. Leonsi hakukasirika. Akachukua gilasi, akamimina mafuta ya debe lake. Safi. Akachukua gilasi ya pili, akamimina ya kwetu, yote mpaka mwisho.

Mstari! Katikati ya gilasi, kama umechorwa kwa rula. Mafuta juu, maji chini.

Mchoro ule ule umo humu daftarini, ukurasa wa kumi na nne. Niliunakili mwenyewe, nikaweka na rangi. Nilikariri sababu yake kwa Kiingereza, neno kwa neno, nikapata sabini na nane. Kwa Kiswahili haikunijia hata siku moja kwamba ndiyo chupa yetu.

"Mzee Zenon," Leonsi akasema, "debe hili mtaa mzima wanawashia. Mchawi wako mnakula naye sahani moja."

Watu wakacheka. Baba akatangulia nyumbani, mimi nyuma na chupa tupu.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya misa, kikao. Mimi na Minza tumesimama, Baba na Mama wameketi.

Baba kaanza kwa utaratibu. Mafuta yanaelea juu ya maji. Anayelijua hilo hawezi kutia maji akidhani yatafichika. "Stefania ana sabini na nane ya Fizikia. Huu ni ujinga wa mtu asiyejua."

Minza alipata kumi na tisa.

Wote wakamgeukia. Yeye akanigeukia mimi. Mara moja tu. Kisha akamwambia Mama, "Sikuchukua, mama." Basi. Hakunitaja!

Mama kasema mtoto wa watu akishaanza udokozi ni heri arudi kwao. Baba katuma ujumbe bondeni kwa lori la mpunga. Na baba yake Minza alishasema: mji ukimkataa, kuna mtu ana ng'ombe ishirini, anasubiri.

Mama alikuwa ananitazama vidole. Au nahisi tu? Labda anajua. Mdomo mmoja ukipungua mezani, huko nako ni kubana matumizi. Mungu nisamehe kwa kumfikiria hivyo. Lakini nafikiria.

Jumanne, 14 Mei

Kichupa nimekitupa chooni. Sisomi tena alfajiri. Naamka saa ile ile, nakaa macho.

Minza naye hakuwa amelala. Akanong'ona, "Nifundishe ile ya mafuta na maji. Angalau nijue nafukuzwa kwa kosa gani."

Sababu ninayo kwa Kiingereza tu. Nikageukia ukutani.

Jumamosi, 18 Mei

Mzee Mayunga, baba yake Minza, kafika asubuhi. "Mwangaluka!" – akasalimu kwa Kisukuma, akaingia na gunia la mpunga begani. Kalileta! Mama kashindwa pa kutazama.

Niko chumbani. Minza yuko uani, ananing'iniza sketi ya shule kwenye kamba kana kwamba Jumatatu ataivaa. Sebuleni Baba anaeleza. Mzee anamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwenzangu," anasema, "mimi sikusoma. Mwanangu kumwita mwizi ni neno zito. Nionyesheni hayo maji yanavyokaa."

Kisha Mama: "Stefania atakuonyesha. Yeye ndiye anayeyajua."

Wanaweka gilasi mezani. Nimeisikia. Na nyingine.

Kandambili. Mama huyo, anaburuta miguu koridoni. Ananiita nije na chupa. Nifiche hili, haraka – wapi? Godoro lilikuwa la Minza, alikuja nalo. Limeshakunjwa, limefungwa kamba, liko mlangoni. Kitanda ni mbao tupu. Upande wake haupo tena, umebaki wangu tu, na komeo linasog