Njia ya Mamavyaa

Pearland, Texas

Dada yangu mpenzi Maimuna,

Assalaam alaykum. Hamjambo wewe na watoto? Goti la Mama linaendeleaje? Sisi hapa tu wazima, ila roho yangu imechoka, na ukisoma utajua kwa nini.

Unajua tulikwenda India, kijijini kwa kina Yusuf, kumchukua mamavyaa aje kuishi nasi. Jirani alikuwa ameiziba njia ya kwenda nyumbani kwa mamavyaa kwa miiba na kupanda pamba juu yake. Bibi wa watu akawa anapita mtaroni, maji magotini, kila akienda sokoni.

Tukaenda ofisi ya tarafa kushtaki. Dada, ile ofisi! Karani akasema mkuu yuko kwenye mambo ya uchaguzi. Tukarudi, yuko mkutanoni wilayani. Tukarudi tena, amehamishwa, na mpya hajaripoti. Nikamwambia Yusuf, "Mwambie huyu bwana nimeacha wagonjwa hospitalini Houston!" Yusuf akamtafsiria. Karani akaniagizia chai.

Mkuu mpya alipofika, hata hajatusikiliza, akaingia garini aondoke. Mamavyaa, na umbo lake dogo lile, akaketi chini mbele ya gari. Dereva akapiga honi. Wapi!

"Mama, unataka nini?" mkuu akauliza.

"Twende ukapite ninapopita mimi."

Akaenda. Akavua viatu, akateleza mtaroni, akalowa mpaka kiunoni, na jirani anatazama. Alipotoka aliagiza miiba iondolewe, akasimama palepale na maji yakimchuruzika mpaka njia ikawa wazi.

Nikafurahi, nikafunga masanduku. Siku ya safari mamavyaa akasema haji.

"Nikiondoka, ataiziba tena."

Yusuf alimsihi mpaka akalia. Mimi nikapandwa na hasira: "Chumba chako tumeshakipaka rangi!"

Akanishika kidevu, Yusuf akatafsiri: "Basi lala wewe humo, mwanangu, upumzike."

Nimerudi nimenuna, na bado nimenuna. Nikitoka kazini nampigia simu, Yusuf akitutafsiria, kumuuliza kama amekula, naye ananijibu kwamba leo amepita katikati ya njia, taratibu, jirani akimwona.

Nisalimie Mama, na shemeji yangu Bakari. Shangazi Mwanaisha mwambie asinidai zawadi za India. India niliyoiona mimi ni benchi la ofisi ya tarafa.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukukumbuka na kukasirika kwa pamoja,
Rukia