Kanga Yako Imekwenda Igalula

Mtendeni, Tabora
Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na goti lako limepoa tangu Baba Mdogo alipokupeleka kukandwa. Mimi mwili wangu hauna neno. Nakula, nalala, sina homa. Ila nina hasira ambayo sijapata kuwa nayo tangu unizae, na nisipokuandikia leo nitakwenda kumtukana mtu barabarani nikuaibishe.

Nianze na habari mbaya, usije ukaisikia kwa wasafiri. Ile kanga yetu nyekundu ya mikorosho, kile kipande changu, sinacho tena. Hakikuibwa wala hakikuungua. Nimempa mtu kwa mkono wangu mwenyewe. Usiiweke barua chini, Mama. Soma mpaka mwisho ndipo uninunie.

Unakumbuka siku naondoka Lindi ulivyoikata doti ile mlangoni. Kipande kimoja ukabaki nacho, cha pili ukanitia mabegani, ukasema muziki huupendi lakini huna kamba ya kunifunga, basi kila nitakaposimama mbele za watu kuimba, kiwe juu yangu. Sikukuvunjia neno hilo hata mara moja. Wenzangu wa Asali Jazz wana sare zao, mashati ya zambarau yenye kola pana, na gauni langu refu lilikatwa kwenye jora hilohilo ili asiwepo wa kumzidi mwenzake. Lakini juu ya gauni ilikuwa kanga yako, siku zote. Watu wa hapa wamezoea mpaka wananiita Bi Kanga. Nikichelewa kutoka utawasikia wanaita, "Bi Kanga yuko wapi? Tumekuja kumwona yeye, si hizo tarumbeta."

Mtu ambaye hajawahi kupanda jukwaani anadhani nguo ni pambo. Anakosea sana. Ukumbi mzima unakutazama kabla hujafungua kinywa, na nguo ndiyo inayowaambia wakusikilize au wakuchezee macho. Nikiwa na kanga yako mabegani hata mlevi wa kiti cha mbele hukaa vizuri. Ananiona nina mama.

Sasa ameletwa hapa bwana mmoja wa mambo ya utamaduni, Fabiani. Anataka aitwe Ndugu Fabiani, na ukimwita Bwana anakukemea kwamba mabwana walikwisha ondoka na bendera yao. Haya, ndugu. Lakini ndugu gani huyu asiyejua kuomba, anayejua kuamuru tu? Vyombo vyetu vya muziki vinalala kwenye stoo, na ufunguo wa stoo uko mfukoni mwake. Kwa hiyo akisema, sote tunasikia.

Alikuja mazoezini akatuambia mgeni mkubwa anakuja kutoka Dar es Salaam, na bendi itampokea kwa mavazi ya asili. Hakuna mashati ya kola, hakuna viatu. Wanaume wavae ngozi juu ya suruali na manyoya kichwani. Mimi nivae ngozi ya mbuzi kiunoni na shanga kifuani, mgongo na mabega wazi.

Nikamwuliza, "Na kanga yangu?"

"Kanga ni kitu cha kigeni, dada. Inachapwa Ujapani."

"Na gitaa lile, ndugu yangu? Limechongwa Sikonge?"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka, akavua miwani yake akaifuta, nayo miwani sidhani kama ilifinyangwa Urambo.

Kinachonichoma ni hiki. Wiki ileile vijana walikuwa wanazunguka sokoni na chupa ya soda, wanaitumbukiza kwenye suruali za wenzao, na isipoteleza hadi chini, basi suruali inabana mno, inachanwa palepale. Wasichana wenye magauni mafupi walikuwa wanarudishwa makwao wanalia. Ndugu Fabiani alisimama pembeni anawapongeza vijana wale. Kisha akaja kwetu kunivua mimi. Yaani goti la msichana wa sokoni ni aibu ya taifa, na mgongo wangu ni utamaduni wa taifa. Nieleze tofauti, Mama. Mimi nimeitafuta sijaiona.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Bi Mosi, mwenye nyumba wangu, ambaye kwao wamekaa mji huu tangu zama za misafara ya pembe. Alikuwa barazani anachagua mawe kwenye mchele wa Igunga. Akaacha ungo.

"Ngozi? Mbele ya nani? Mwanangu, babu zetu Wanyamwezi wamekwisha mabega kwa kubeba majora ya merikani toka pwani mpaka hapa, na wengine wakaendelea nayo mpaka Ujiji. Huyo anadhani walikuwa wanakwenda kuvisha miti? Bibi yangu akiletewa merikani alikuwa haichukui mpaka ainuse, aivute, aitazame juani. Na kaniki vilevile. Mwambie aje aniulize mimi asili."

Nikampelekea Ndugu Fabiani maneno hayo kama yalivyo. Akaniambia hayo ni mawazo ya kikoloni. Bi Mosi, mkoloni! Nilicheka kwa uchungu.

Nikasema sivai. Mzee Kashindye, kiongozi wetu wa bendi, ambaye nimemheshimu kama baba tangu nifike hapa, akanivuta kando. "Tatu mwanangu, ni siku moja tu. Akifunga stoo tutapiga nini, masufuria?" Nikamjibu, nipeni mimi sufuria moja nitangulie. Akaenda kuifuta tarumbeta yake. Wale wengine walikuwa wanachezea nyuzi za magitaa yao, wanaume wazima, hakuna aliyenyanyua uso. Tumekula nao sahani moja, tumelala nao kwenye mabehewa, nimewafulia hizo sare zao za zambarau. Siku hiyo niliwaona kama watu niliokutana nao stesheni.

Basi Ndugu Fabiani akapata maarifa yake. Akasema hana shida, mimi nitaimba nyuma ya pazia na kipaza sauti changu, na mbele atasimama msichana mwingine na kipaza sauti bubu, kisichounganishwa waya, afungue mdomo tu. Sauti yangu, mwili wa mwingine. Alilisema mbele yangu kama mtu anayepanga viti.

Huyo msichana walimtoa kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Igalula. Jina lake Nyamizi. Walikwenda wakawaambia wazazi wake kuna kazi ya taifa mjini, na mzazi gani siku hizi atakataa kazi ya taifa? Baba yake mwenyewe alimpandisha gari. Kijijini kwao ni Wamoraviani, na Nyamizi anaimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa, na gauni lake la kwaya lina mikono mpaka hapa kwenye viganja. Hakuna aliyemwambia atavaa nini. Alipooneshwa zile ngozi alidhani ni za kukalia.

Na ngozi zenyewe, Mama. Walizichukua kwa mchinjaji, hazijakauka vizuri, zinanuka. Mpiga ngoma wetu alijikuna mpaka akatoka vipele, na hilo peke yake ndilo lililonifurahisha wiki nzima.

Siku ikafika, alasiri, ukumbi umejaa. Mimi nyuma ya pazia na gauni langu la zambarau na kanga yako. Nyamizi wakampitisha mbele yangu kwenda jukwaani. Alikuwa amejikumbatia, kila mkono umeshika bega. Ndugu Fabiani akamshusha mikono, mmoja mmoja. Akamwambia, "Tabasamu."

Pazia lile lina tundu, nikaweka jicho. Bendi ikaanza, nami nikaanza kuimba kumkaribisha mgeni, na mbele Nyamizi anafungua mdomo na kufunga. Nikimaliza neno, yeye bado. Akinyamaza, mimi naendelea. Upande wa vijana wakaanza kicheko, kisha mmoja akapiga mluzi ule wa kumwitia malaya. Mgongo wa yule mtoto wa watu ulikuwa unatetemeka mbele ya jicho langu. Kina mama wa mjini wakashusha nyuso, wengine wakavuta mabuibui. Na sauti iliyokuwa inaufanya ule mgongo utazamwe ilikuwa yangu.

Nilitaka kunyamaza. Nilisema moyoni ninyamaze, aumbuke Fabiani mbele ya mgeni wake. Lakini ningenyamaza ni nani angebaki pale mbele na mdomo wazi? Si Fabiani.

Basi sikunyamaza. Nilishika kipaza sauti changu nikatoka nacho, waya unabururika nyuma, naimba. Nikapita katikati ya magitaa. Mzee Kashindye aliniona akaongeza pumzi kwenye tarumbeta, na kwa hilo nimemsamehe robo. Nikafika kwa Nyamizi, nikaivua kanga yako mabegani mwangu, nikamfunika, nikaifunga fundo kifuani kama ulivyokuwa ukinifunga mimi nikitoka kuoga. Naimba bado. Nikamsogezea kipaza sauti nikamwambia kwa macho, imba.

Akaimba. Akaingia na ile sauti yake ya pili ya kwaya, chini ya yangu, nyembamba kwanza, kisha ikakaa. Hakuwa anajua maneno yote, akawa anashika miisho. Kina mama walipiga vigelegele mpaka mabati yakaitikia. Yule wa mluzi sikumsikia tena. Mama, nimeimba miaka na bendi hii, sijawahi kuimba hivyo.

Unadhani hasira iliishia hapo? Ngoja. Mgeni alisimama akapiga makofi, akamshika mkono Ndugu Fabiani akamwambia mmebuni vizuri sana, mkubwa kumfunika mdogo, hayo ndiyo malezi yetu. Na Fabiani, bila haya, akainama akasema, "Asante mzee, tulilifikiria kwa muda mrefu." Nilikuwa karibu, nimemsikia kwa masikio yangu. Kisha mgeni alipokwisha toka akanifuata nyuma ya pazia amevimba mishipa. Kwamba nimemdhalilisha. Kwamba sitagusa kipaza sauti cha bendi ile mpaka niandike barua ya kuomba radhi, aisome mbele ya wote, na siku nikirudi nitavaa nitakachoambiwa.

Akaondoka na gari, na gauni la Nyamizi limo ndani ya gari hilo. Hakukumbuka hata kulitoa. Treni ya kwenda kwao ilikuwa inaondoka jioni ileile. Nikampeleka stesheni na zile ngozi kiunoni na kanga yako kuanzia kifuani, nimemzungushia na mtandio wa Bi Mosi kichwani. Watu walitutazama, nami nikawatazama. Alipopanda behewa akaanza kulifungua fundo.

"Nitamwambia nini baba, nikifika na kanga ya mtu?"

"Mwambie ni yako."

Akasimama dirishani ameishika kwa mikono miwili. "Wabeja, dada," akasema, ndiyo asante ya kwao. Treni ikaondoka. Nikarudi Mtendeni kwa miguu, mabega yangu matupu, na hapo ndipo nilipolia, kwa sababu nilikukumbuka wewe na mkasi wako mlangoni.

Mzee Kashindye amekuja jana. Ameniletea karatasi nzuri ya mistari, na kalamu, ili niandike ile barua ya kuomba radhi. Anasema wenzangu wote wananiomba, niandike maneno machache tu, hata nisipoyaamini. Nimempa chai, nimemwitikia vizuri, ameondoka amefurahi. Karatasi yenyewe ni hii unayoisoma. Nimeona aliyekuwa na haki ya kuulizwa kuhusu kanga ile ni wewe, si yeye.

Nisalimie Baba Mdogo, na umwambie asiache kukupeleka kukandwa. Nisalimie Shangazi, aliyekuwa akinifukuza na mwiko nikiimba jikoni kwake. Mwambie bado wananifukuza, ila hawa hawana mwiko. Wifi yangu mke wa Kaka Hamisi mpe pole ya uzazi, na mtoto unibusie. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani mwombe dua, lakini haya ya ngozi usimsomee. Bi Mosi hapa anakusalimu sana, anasema umelea mtoto mkorofi naye amempenda.

Sasa ombi langu, Mama. Kile kipande chako, kama hujakichakaza, naomba unitumie. Nimekataa kuandika walichotaka, na bendi ya reli huko Kigoma imeniulizia, wakaniambia nije na nguo yangu mwenyewe. Lakini sitasimama mbele za watu bila kitu chako juu yangu, hilo nilikuahidi. Kikija, nitajua umenielewa, nitapanda treni ya Kigoma. Kisipokuja, nitajua umesema basi, na sitakuuliza kwa nini. Nitafunga mizigo nirudi Lindi, niimbie jikoni kwa Shangazi.

Nasubiri kanga, sisubiri maneno.

Mwanao,
Tatu