Punda Aliyejifunza Kirundi

Mjukuu wangu Neema,

Huku Misunkumilo tu wazima, na mama yako kavuna mpunga mzuri. Unauliza kama woga wako wa pikipiki utaisha.

Miaka ya tisini, nikiwa mama wa watoto wanne, babu yako alinunua punda kwa Msukuma. Kila nikimpanda natetemeka, namlilia kwa Kirundi chetu cha nyumbani, "Buhoro, buhoro!" yaani polepole. Punda wa Wasukuma angeelewa wapi? Alizidi kukimbia, akaniangusha. Jirani akasema, "Mama, si utembee tu?" Nikakataa.

Msimu mzima nilianguka na kupanda tena. Pasaka nikaenda naye kanisani Ilembo. Mlangoni nikasema "buhoro" moja, bado naogopa, lakini sauti imetulia. Akasimama. Watu wakamsifu punda kwa kujifunza Kirundi. Mimi, hakuna aliyenisifu.

Basi najisifu mwenyewe.

Ni mimi bibi yako, mpanda punda wa Mpanda.