Mzee wa Al-Malqa na Mgeni Wake

Jumatatu, 3 Februari
Riyadh, mtaa wa Al-Malqa. Nimepiga deki, nimempikia Baba chai. Kitanda ametandika mwenyewe, soksi kafua mwenyewe. Ni baba mzazi wa madam ninayemfanyia kazi, Mwitaliano wa Amerika. Mwaka wa pili nampikia, sijagombezwa hata siku moja. Nina raha hapa. Nasema ukweli.

Jumatano, 5 Februari
Mgeni kutoka Amerika. Suti, jasho. Wakakaa jikoni, maana Baba hapendi sebule. Mimi namenya viazi. Mgeni alidhani sijui Kiingereza. Kumbe Baba hakuwa muuza vigae, kama madam alivyoniambia. Ni mkubwa wa genge huko kwao, hadi leo. Kuna mtu wao amezungumza na polisi. Bila neno la Baba haguswi. Akisema ndiyo, anauawa. Baba kasema atafikiri.
Nimejikata kidole.

Alhamisi, 6 Februari
Naogopa. Nimewaza kutoroka, niende kwa Mwende, rafiki yangu, kule mtaa wa Manfuha. Lakini mume wa madam ndiye kafili wangu, mdhamini wa kazi. Nikitoroka, ikama, kibali changu cha kuishi hapa, imekwisha. Nimebaki. Supu nimeiunguza.

Ijumaa, 7 Februari
Wengine wameenda msikitini. Baba kaja jikoni, kaniuliza kama nilisikia. Ningeweza kudanganya.
"Nilisikia, Baba."
Akataka kujua ningekuwa yeye ningefanyaje.
"Mimi nataka kuendelea kukupikia," nikamwambia. "Ukisema ndiyo, sitaweza."
Akajipakulia chakula. Alimaliza kula, akaosha sahani, akatoka. Nikajiona mjinga.

Jumamosi, 8 Februari
Mgeni karudi. Baba hakumpa kiti. Kamwambia yule mtu aachwe, halas, yameisha. Mgeni akaondoka bila kuaga.
Madam amelia. Alijua yote. Anahofia wenzake wa genge watamgeukia baba yake. Kesho tunahamia nyumba yao ya Jeddah.

Jumanne, 18 Februari
Jeddah. Siku kumi, kila kengele ya mlango inanishtua. Leo Baba kapigiwa simu, kisha kaja kunieleza. Wenzake wamekubali. Yule mtu yuko hai, yeye na familia yake wamehamia mbali. Simjui hata jina. Nimefurahi mpaka nikaketi.

Jumapili, 23 Februari
Soko la samaki, mimi na Baba. Hakuna aliyemtazama. Muuzaji alidhani ni dereva wangu, akampa yeye mfuko abebe. Baba hakumsahihisha. Akaubeba hadi garini, akanifungulia mlango.
Nimekaanga samaki changu. Wamekula wakamaliza.