Kimya cha Dada Rukia

Mjukuu wangu Salma,

Wa alaykum salaam. Barua yako imefika. Hapa Mji wa Kale hatujambo, ila bibi yako goti linamsumbua na ngazi hapandi tena.

Umeniuliza kama umetuvunjia heshima kwa kukataa posa. Nitakujibu kwa habari ya dada yangu Rukia, zama za vita, nilipokuwa nasoma sekondari.

Siku ya nikahi baba alisimama na mashahidi wawili kwenye mlango wa chumba cha wanawake, akauliza kama ilivyo ada: "Rukia, umeniwakilisha nikuoze?"

Kimya. Akauliza tena. Kimya.

Shangazi akacheka kule ndani. "Kaka nawe! Mwari ana haya. Kimya chake ndiyo ridhaa yake."

Vigelegele vikapigwa, na baba akaenda msikitini kuozesha.

Nilipopeleka maua ya asumini, nilimkuta Rukia akivishwa. Alinishika mkono. "Ndugu yangu, mbona wananipamba? Mimi sikujibu."

Alidhani asiposema neno hakuna ndoa. Hakuna aliyemwambia kwamba kunyamaza ni kukubali.

Ya nyumba aliyoingia sitayaandika. Tulimzika kabla mwaka haujaisha. Tangu hapo baba hakuvumilia kimya ndani ya nyumba, hata mtu akila bila kusema, alimwuliza, "Una nini?"

Juzi baba yako alikuja kunilalamikia kwamba umesema hutaki. Nilimwambia ashukuru kwamba ameisikia sauti yako.

Mola akuhifadhi huko uliko.

Babu yako