Stilwaya Ilipita Kwenye Gari la Baba Gladness

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usinicheke, maana wenzangu wanakuandikia habari za ndoa na mie nakuja na habari za boneti la gari, lakini moyo wangu umekwama hapo na sina pa kuupeleka. Mume wangu Gervas alifariki mwaka jana wakati wa masika, tukamzika Pugu, na kwa mvua ile gari lake dogo la bluu iliyokoza lilirudi nyumbani Madale limejaa tope jekundu hadi kwenye vioo. Wifi yangu Flaviana, dada wa marehemu, mwanamke mwenye mikono isiyotulia, akasema gari la kaka yake halitalala na tope la makaburini, akachukua ndoo, sabuni ya unga na zile stilwaya tulizokuwa tunasugulia masufuria ya msibani, akaita na wenzake, wakalisugua lote huku wanalia, na mie nilikuwa ndani nimelala mkekani, sikujua lolote. Jua lilipotoka nikaona bati lote limechubuka, limekuwa jeupejeupe kama kioo kilichofutwa kwa mchanga. Sikusema neno, kwa kuwa alilisugua kwa mapenzi, lakini hadi leo wifi akija kunisalimu anazungukia mlango wa jikoni asilione.

Sasa binti yetu Gladness ana sendofu mwezi ujao, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, na baba yake alimwahidi tangu yuko shule ya msingi kwamba siku hiyo ataingia ukumbini kwa gari hilohilo, hakuna cha kukodi. Nilimwita fundi Talha, anayepiga polishi magari Kinondoni, akapitisha kiganja kwenye boneti, akatikisa kichwa.

"Mama, hapa polishi laini ni kupoteza siku. Niruhusu nipige kompaundi kali, ile ya kukata."

Shemeji yangu Gaudens alikuwepo, akaruka. "Ukate nini? Hiyo inakula klia ya juu yenye kung'aa mpaka praima ya chini ya rangi! Shemeji, achana naye. Ukumbini watu wanamwangalia bibi harusi, boneti nani analiangalia?"

"Braza, wewe ukienda kwenye shughuli huangaliagi gari?"

Wakacheka wote wawili, nikabaki mie na gari langu.

Na kuna jambo sijawaambia. Gervas alikuwaga na kawaida yake, kabla ya kupanda anagonga paa mara mbili, anasema, "Amka mzee, tuna kazi," kisha anafungua kitasa kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umeshika funguo. Kwenye kile kishimo nyuma ya kitasa, vidole vinapoingia, pete yake imechora vimistari vidogo, na stilwaya haikufika humo. Katika mikwaruzo yote ya gari lile hiyo tu ndiyo ninayoitaka. Nikiruhusu kompaundi kali, je, itavifuta? Nikikataa, mwanangu apelekwe kwenye furaha yake na gari lililobaki vilevile lilivyotoka msibani?
Anjelina, Madale

Bi. Kokushubila anajibu:

Anjelina, pole sana kwa Gervas. Na nani kakwambia gari si jambo la moyo?

Sasa nikugombeze. Mwaka mzima umenyamaza ukadhani huo ni upole kwa wifi yako. Mtu anayezungukia mlango wa jikoni anajua alichofanya, mama. Umemnyima hata nafasi ya kusema samahani.

Kuhusu kompaundi, nimemuuliza mtu aliyezeeka akipaka magari rangi. Anasema Talha anaweza kuwa sawa na Gaudens anaweza kuwa sawa, kwa sababu hakuna aliyejaribu! Mwambie Talha achague kipande cha buti, upana wa kitabu. Aanze na polishi laini. Ikishindwa, apande ya kati. Hiyo nayo ikishindwa, ndipo ile kali, palepale, kisha mkiangalie juani wote. Mkwaruzo unaonasa kucha auache, akiufukuza atafika praima kweli. Kwenye kingo rangi ni nyembamba, aweke tepu ya karatasi. Wakati wa kupiga gari liwe kivulini, bati likiwa limepoa. Na kompaundi kali huacha ukungu, kwa hiyo asikukabidhi funguo kabla hajarudia gari zima kwa laini. Akisema hana muda wa kujaribu, arudi kwao Kinondoni.

Kishimo cha kitasa hakiingii mashine, lakini fundi mwenye bidii ana mkono na kitambaa, na bidii umeshaiona ilivyokufanya. Kibandike tepu wewe mwenyewe kabla hajaanza.

Na kabla ya yote gari lioshwe, maana kompaundi juu ya vumbi ni msasa. Aoshe Flaviana. Shampuu ya gari, ndoo ya sabuni, ndoo ya kusuuzia, kitambaa laini. Mpigie leo, usingoje kesho.

Anjelina ametuandikia tena:

Bi. Kokushubila, shikamoo. Nilimpigia wifi, akauliza, "Unaniamini mie na hilo gari?" Nikamwambia, "Stilwaya uziache kwako." Akacheka huku analia, akaja asubuhi na mapema, akaliosha kama anaogesha mtoto mchanga.

Polishi laini ilishindwa, ya kati ikashindwa, ile kali ikatoa. Talha akatutazama kama mtu aliyefunga goli. Gaudens akainama kwenye buti, akayaona meno yake mwenyewe, akasema, "Haya, malizeni." Ilipopita ile laini ya mwisho, bluu ilirudi mpaka mawingu yakaonekana kwenye boneti, na Flaviana akapiga kigelegele majirani wakatoka wakidhani sendofu imeanza.

Tepu niliibandua mwenyewe. Vimistari vipo.

Siku yenyewe Gladness alipanda nyuma na gauni lake, shangazi yake pembeni amelishikilia lisikunjike. Gaudens akanyoosha mkono nimpe funguo.

"Pisha, shemeji," nikamwambia.

Nikagonga paa mara mbili. "Amka mzee, tuna kazi." Nikaingiza mkono wa kushoto kwenye kitasa, na pete yangu ikakwaruza palepale.